Mnara wa Nyamizi

Kura zilipotimia bungeni, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mnara wa Gavana sasa ni Mnara wa Nyamizi, na Nyamizi ni mke wangu, aliyeongoza mgomo wa wachonga mawe. Nililia hadharani, wala sioni haya.

Binti yetu alikuwa amejifungua wiki hiyo, na mtoto alipaswa kurithi jina la bibi yake. Mashine ya usajili ikakataa: jina likishatolewa kwa taifa, hakuna mtu anayelitumia tena.

“Mpeni la shangazi yake,” mke wangu akasema, shada la maua likiwa bado shingoni. “Leo tumeshinda.”

Chakula kilipoiva nikamwita kwa mazoea, “Nyamizi.”

Hakuitika. Alikuwa dirishani, akiutazama mnara, akingoja uitike.