Maoni ya Shiuli

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua mlango wa maktaba, Dilruba alichonga penseli na kuandika maoni ya mtu aliyekwisha kufa.

Aliandika pembezoni mwa kurasa, kwa herufi ndogo zilizolala upande: "Kurasa mia mbili za mvua, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuanua nguo." Kisha akaifunga ile riwaya na kuiweka chini ya meza. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na tangazo alilolibandika mwenyewe: Ni marufuku kuandika ndani ya vitabu.

Saa nne Mzee Motahar aliingia akikung'uta mwavuli. Alikuwa mstaafu wa reli, aliyefiwa na mkewe, na katika mji mzima wa Mymensingh hakuna aliyemjua kuwa mpenzi wa riwaya.

"Kipo leo?" aliuliza.

"Kipo, Mzee. Lakini hiki hakukipenda."

"Ah, nipe! Akichukia ndipo anaponoga."

Alikaa dirishani. Punde Dilruba akamsikia akicheka peke yake, kisha akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Ilianza miaka miwili nyuma. Mzee Motahar alikuja akiwa bado amevaa msiba usoni. Binti yake Shiuli alikuwa amekufa kwa homa, akiwa na miaka ishirini na tisa. "Alikuwa mtu wa riwaya," alisema. "Akisoma, anaandika anachofikiri pembeni, kwa penseli. Vitabu alivyopitia vipo hapa?"

Dilruba alipekua daftari la wanachama. Hakuliona jina hilo.

"Labda aliazima kwa jina la rafiki," alisema mzee, akitazama sakafu.

Dilruba hakuwa na moyo wa kumrudisha mikono mitupu. Alikumbuka riwaya moja ambayo msomaji asiyejulikana alikuwa ameiandika-andika, akampa. Mzee aliisoma akiwa amesimama, huku kidole kikifuata kila neno la penseli. Wiki iliyofuata akaja kuomba kingine. Kingine hakikuwapo.

Jioni ile Dilruba alichukua penseli.

Alidhani angeandika mara moja tu, kwa huruma. Lakini miaka yote kumi na tisa aliyokaa kati ya vitabu vile, hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Nyumbani kwa kaka yake, wifi yake alikuwa akisema riwaya ndizo zilizomkosesha mume. Sasa palikuwa na mtu mmoja duniani aliyengoja maoni yake kama anayengoja barua.

Basi akayamwaga yote. "Mwandishi huyu huwaua wanawake wake ukurasa wa mwisho, ili wanaume wapate pa kulia. Simsamehe." Kwenye riwaya ya mama mkwe mkorofi: "Nimempenda. Ana njaa ya kupendwa, na hajui pa kuipeleka." Kwenye ile nyembamba, ya mwalimu anayerudi kijijini: "Nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilikwenda polepole, nisiimalize."

Mzee naye akawa anabishana. "Hapa amekosea. Mama mkwe huyu hana njaa wala nini, ana roho mbaya tu."

"Soma tena sura ya sita, Mzee."

Wiki iliyofuata alirudi ameinamisha kichwa. "Kumbe kweli ana njaa. Mtoto yule alikuwa na akili, Dilruba. Alikuwa na akili sana."

Usiku wa siku kama hizo Dilruba hakupata usingizi.

Jumatatu ile ya mvua, mzee hakuondoka baada ya kusoma. Alitoa daftari jipya ndani ya kanzu, akaliweka mezani.

"Niletee vyote," alisema. "Nataka kunakili kila alichoandika."

"Cha nini, Mzee?"

"Cha Tuli, mjukuu wangu, binti wa Shiuli. Baba yake anasema darasa la nne linamtosha msichana. Mwaka huu anamtoa. Kesho ninakwenda kwake. Nataka Tuli ayasome mbele ya baba yake, wamjue mama yake alikuwa mtu wa namna gani."

Dilruba alilisogeza daftari kando. Kumdanganya mzee ili apate usingizi ni jambo moja. Lakini mtoto huyu angekua akimpenda mama asiyekuwako, akiyakariri maneno ya mwanamke wa maktaba.

"Mzee, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Nisamehe. Ukitaka nishtaki kwa wenye maktaba, ni haki yako. Kile kitabu cha kwanza sijui aliandika nani. Vingine vyote niliandika mimi. Hakuna hata neno moja la Shiuli."

Mvua iligonga mabati. Mzee Motahar alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Najua, mwanangu."

Dilruba alimkodolea macho. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Uliona mwandiko si wake?"

"Mwandiko upi?" Alifungua daftari ukurasa wa kwanza na kuulainisha kwa kiganja. "Shiuli hakuwa na mwandiko, na mumewe analijua hilo; nataka asikie angekuwa nani. Nilimtoa shule mimi mwenyewe, akiwa hajafika hata nusu ya alfabeti."