Kinyaa cha Bucha

Bucha alitapika ndani ya lifti ya hoteli, mbele ya wageni wawili na mbeba mizigo, na sababu ilikuwa sabuni. Sabuni tu! Mkewe alikuwa ametoka kuoga, ananukia maua, akamwegemea begani kwa mapenzi. Tumbo la mwanamume likapanda lote likaja kooni.

Na huyu ndiye Bucha, aliyebandikwa jina la kazi yake. Tangu ujana anaosha matumbo ya ng'ombe kwa mikono mitupu, anachuna vichwa huku anapiga mluzi, anakula mkate na damu ingali kwenye kucha. Leo anatapishwa na maua. Khaa!

"Umekula nini?" mkewe aliuliza, akimfuta mdomo kwa kitambaa.

"Sijala kitu. Sogea kule kidogo, tafadhali."

Hilo "sogea kule" lilimchoma mwanamke. Safari aliipanga yeye. Fundi cherehani wa watu, alishona sare za shule msimu mzima ili wapate siku mbili za hoteli mjini, zenye beseni la kuogea na shuka nyeupe, kisha siku mbili za hema msituni, karibu na maporomoko ya maji. Nyumba yao ilikuwa imepooza tangu walipoacha kuzungumza habari ya kupata mtoto. Kabla hawajafunga begi alimwambia mumewe wazi: "Twende tukajaribu mara ya mwisho. Tukirudi hivi hivi tulivyo, kila mtu ashike njia yake, bila matusi."

Bucha alikubali. Alimpenda mkewe, jamani. Alitaka kurudi naye nyumbani, basi.

Sasa tazama. Asubuhi kwenye meza ya hoteli, yai lilimtazama kwa jicho la njano linalotetemeka, akageuza uso. Maziwa yalinuka zizi. Kahawa ilinuka masizi. Mhudumu alipopita na sinia la soseji zinazochuruzika mafuta, Bucha, mfalme wa soseji, alikimbilia chooni, na choo nacho kilikuwa kimemwagwa dawa ya kunukia, uchafu mtupu. Kitu pekee kilichompita kooni ni vipande vya ndimu alivyovichomoa juu ya samaki wa watu, akavinyonya na chumvi. Mkewe alimaliza sahani yake, akavuta na ya mumewe.

"Chakula unakionaje?" Bucha aliuliza, akimwangalia anavyotafuna. Taya linapanda, taya linashuka. Midomo inang'aa mafuta. Lo, midomo hiyo hiyo aliwahi kukosa usingizi kwa ajili yake!

"Kitamu. Kwani kimekukosea nini? Au ni mimi niliyekukosea?"

"Hapana."

"Basi mbona unanitazama kama nyama iliyolala?"

Na kweli, ndivyo hasa Bucha alivyokuwa akimtazama.

Msituni ndiko balaa lilikokuwa likimsubiri. Hema lilinuka mpira na miguu ya waliotangulia. Mto ulinuka matope. Kwenye mtumbwi alipiga miayo kuliko alivyopiga kasia, mpaka msimamizi wa mitumbwi akamrudisha ukingoni alale. Mkewe akaendelea na wengine, akirushiwa maji, akicheka bila mumewe.

Jioni mwanamke akachoma nyama kwa mkono wake, gauni amelikunja mikono, uso umejaa moshi na furaha. Akamletea mumewe mnofu wa kwanza kwa vidole. Kwa vidole! Vyeusi kwa makaa, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Kula, mume wangu. Nimekuchomea mimi."

Bucha akajikaza kiume. Akafungua mdomo, akatafuna mara mbili. Kisha akautema mnofu kwenye majani na kutapika juu yake, na matapishi mengine yakaruka mpaka kwenye viatu vya mkewe.

Mwanamke hakupiga kelele. Alipangusa viatu kwa majani, akasema taratibu, "Nimekuelewa. Kesho naenda kwa dada yangu." Akaingia hemani, akalala usingizi wa pono. Bucha alibaki nje, maana hata pumzi ya mkewe hakuiweza. Alilia, mtu mzima na ndevu zake. Utaishije na mtu unayempenda, ikiwa harufu yake inakugeuza utumbo?

Kulipokucha alipanda kilima kutafuta mtandao. Mama yake alimpenda mkwe huyu kuliko wanawe wa kuwazaa, na siku ya harusi alimwapisha Bucha: ukichoka naye, usimwambie yeye, anza na mimi. Basi akapiga simu.

"Mama, yamenishinda. Mke wangu namwonea kinyaa."

"Toba! Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Harufu yake tu. Akinisogelea natapika."

"Na nyama dukani?"

"Siku hizi naikata nimeziba pua."

"Yeye mwenyewe anakula?"

"Anakula, mama! Anamaliza chake na changu, kisha analala kama gogo. Wala hana habari."

Upande wa pili kikaja kicheko, kicheko cha mtu aliyejishika mbavu, mpaka Bucha akaona uchungu.

"Mama, ndoa yangu inakufa, wewe unacheka?"

"Shuka huko kilimani upesi, mwanangu, kabla hajafunga begi. Marehemu baba yako naye alinionea kinyaa hivyo hivyo, mara nne tu katika maisha yetu. Na nyinyi mko wanne."