Unga wa Marumaru

Mwiko alirarua gunia la unga laini, akalimimina lote kwenye tangi la tope kabla mtu hajageuka. Gunia aliloagizwa kumimina, lile la unga wa chenga, lilibaki kwenye rundo chini ya turubai. Mvua ilikuwa inapiga, na wenzake walikuwa wamejibanza chini ya bati upande wa pili wa mtambo wa kuchimbia.

Jina la Mwiko alipewa na wenzake hao kwa sababu kazi yake ilikuwa kukoroga. Tope lile liliteremshwa kisimani kupoza kekee na kupandisha vifusi, na yeye ndiye aliyelitia unga wa marumaru.

Kila asubuhi dada msimamizi wa tope, ambaye wote walimwita Daktari, aliwasomea somo lilelile.

"Mwamba wa mafuta una vitundu, kama sponji. Unga wetu unatakiwa ukwame mlangoni mwa vitundu, ujenge ukuta, tope lisipenye. Tukimaliza tunauyeyusha kwa asidi, mafuta yanatoka. Lakini ukiwa laini mno unazama ndani kabisa, asidi haiufikii. Mwamba ukizibwa hivyo, kisima ndiyo basi tena."

Wengine walisinzia wamesimama. Mwiko hakupitwa na neno hata moja.

Nyumba ya mama yake ilikuwa nyuma tu ya uzio. Kisima kikitoa mafuta, bomba litapita pale pale: nyumba itabomolewa, na kaburi la baba, lililo nyuma ya jiko, litafukuliwa. Kikiwa kikavu, kampuni itafungasha virago iende zake.

Alikwisha kwenda ofisini kuwasihi. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia mpango umeshapitishwa. Dua la kuku halimpati mwewe.

"Wewe si unafanya kazi humo humo?" mama alimwuliza jioni ile. "Waambie basi."

"Mama, mimi nakoroga tope tu."

"Haya. Koroga, mwanangu."

Alisema bila hasira, akaendelea kufagia kuzunguka kaburi la mumewe, na hilo ndilo lililomchoma Mwiko kuliko matusi.

Basi tangu kekee iingie kwenye mwamba wa mafuta hadi ilipotoka, Mwiko alitia unga laini. Hakufurahi. Kazi yake aliipenda, na Daktari hakuwahi kumtendea ubaya wowote. Kila gunia alilomimina lilimtia aibu, kana kwamba anamwibia mtu aliyempa funguo za nyumba. Lakini angefanyaje, na milango mingine yote ilikwisha fungwa?

Siku ya kukijaribu kisima ikafika. Asidi iliteremshwa, ikaachwa ifanye kazi yake, kisha fundi akafungua vali. Wote walikikodolea macho kipimo. Mshale ulikuwa umelala chali kama mlevi.

"Mh," fundi aliguna. "Jiwe tupu hili."

Mwiko akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mtambo uje, alihisi njaa.

Ndipo bomba likaanza kutetemeka. Mshale ukainuka, ukasita, ukapanda tena, na mafuta yakaja kwa ngurumo. Watu walikumbatiana, helmeti zikarushwa juu. Mwiko alishika nguzo. Ng'ambo ya uzio alimwona mama yake amesimama na nguo mbichi mkononi, anatazama.

Kelele zilipopungua, Daktari alimwita ofisini, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na chungio, na kando yake chupa ya tope.

"Nimelichuja tope letu," alisema. "Unga wa chenga niliouagiza haumo kabisa."

Mwiko alilitazama chungio. Nyumba imekwenda, kaburi limekwenda, na sasa kazi nayo. Hakuona faida ya kukana.

"Ni mimi, Daktari."

"Najua ni wewe. Wenzako huwa wanasinzia."

Akatoa kipande cha jiwe mfukoni, akakiweka mbele yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Majibu ya maabara yamekuja leo. Tulidhani mwamba huu una vitundu vikubwa, kumbe ni vidogo mno. Zile chenga zisingeshika hata kimoja. Tope lote lingepenya katikati yake. Huu wako laini ndio uliokwama mlangoni."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ungefuata maagizo yangu, kaka, kisima hiki kingekufa."