Sepetu Juu ya Tuta

Sheria ya mji ule ilikuwa fupi: anayeshindwa kulitunza tuta linalozuia maji mbele ya shamba lake, achomeke sepetu yake hapo na aondoke. Atakayeing'oa atachukua shamba, tuta na kazi yake.

Asubuhi ile mzee Wubbo alichomeka sepetu, na mji mzima ukaitambua. Ilikuwa ya baba yake Aleida. Wubbo aliing'oa miaka ishirini iliyopita, na mpini wake bado ulikuwa na kishimo kilicholiwa na kidole gumba cha marehemu.

Aleida alipanda tuta, akaushika mpini. Kisheria, mkono wa mtu ukishaushika, mtu mwingine haruhusiwi kugusa sepetu wala udongo mpaka ing'olewe.

“Ing'oe, binti yangu,” Wubbo alisema. “Tuta linameguka. Vijana wako tayari na matoroli.”

“Baba yangu alikuomba nini?”

Mzee aliinama. “Siku moja tu, kabla sijaing'oa.”

“Ukamjibu nini?”

“Kwamba maji hayangoji mtu.”

“Mimi sina roho yako, Bwana Wubbo. Nakupa siku hiyo. Nzima.”

“Shamba ni la baba yako! Litazama!”

Aleida hakuing'oa. Alisimama tu, kidole gumba chake kikiwa kimetulia ndani ya kile kishimo, saizi yake kabisa. Chini, maji yalivuka bustani ya vitunguu, yakafika kwenye kizingiti cha nyumba. Viatu vya mbao ambavyo mzee aliviacha mlangoni vikainuka, kimoja baada ya kingine, vikaanza kuja kwenye tuta kana kwamba vina mtu ndani.