Mchezo wa Tatu

“Sita ya kopa,” Zaituni alisoma kwenye risiti ya kasino. Wifi yake, Mwanakombo, akaiandika daftarini.

Siku hizi marehemu hukaa kasino mwaka mzima, sauti na akili yake ndani ya mashine, akigawa karata za mchezo wa ishirini na moja. Ndugu wote huweza kucheza naye, ila ni mjane tu ambaye akimshinda mara tatu mfululizo, hupewa sauti hiyo aishi nayo nyumbani. Asipomshinda, mwaka ukiisha sauti hufutwa. Hamadi, mume wa Mwanakombo, alibakiwa na siku nne.

“Kasino wananiibia,” Mwanakombo alisema. “Mara kumi na moja nimeshinda michezo miwili. Kila nikifika wa tatu, yeye anapata ishirini na moja kamili.”

“Kaka yangu huyo! Hata siku ya harusi yenu alificha karata ya shupaza ndani ya kofia.”

Mwanakombo alicheka. “Wewe umeshacheza naye?”

“Jumamosi. Nilimfunga mara nne, akanitukana weee!”

“Nne mfululizo?”

“Mfululizo,” Zaituni alijibu, na kicheko kikamwishia.

Mwanakombo alipekua kurasa za nyuma. “Mimi huniambia ‘pole, mke wangu’ kabla hajafunua karata yake. Kila mara.”

Zaituni aliuliza taratibu, “Basi si kasino. Wifi, siku ya mwisho hospitali alikwambia nini?”

“Aliniomba nimwache apumzike. Nikamwambia bado.”

Mezani zilibaki risiti saba. Mwanakombo aliweka kalamu katikati ya daftari.

“Hizi tutamalizia kesho,” alisema.