Glavu za Pilipili

"Wanaounga mkono, inueni mikono," mkuu wa idara alisema kwenye skrini.

Hoja ilikuwa yangu: shule zimefungwa kwa korona, basi wahadhiri wenye watoto tuongezewe mwaka mmoja wa utafiti kabla ya kupimwa kazi.

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, ndani ya glavu zilizolowa pilipili. Mama mkwe alikuwa ametuita kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi zinazochachushwa kwa pilipili, na siku hiyo mkamwana hakosi.

Nikainua. Pilipili ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu, umechinja?" mwenzetu mmoja akacheka.

Ndipo Profesa Myeong-ok, ambaye sote tulimwogopa, akainua glavu yake, nyekundu kuliko yangu.



"Wewe, acha kuchekacheka, inua mkono," alimwambia yule aliyecheka. "Kabichi zinaningoja."