Majeruhi wa Chama cha Sindano

Asubuhi ile Kristina alifunga bendeji kidole kisichokuwa na hata mkwaruzo. Alikinyunyizia mafuta ya taa kidogo ili kinuke dawa, kisha akajaribu kukunja uso mbele ya mumewe.

"Kimekuwa kikubwa mno," alisema Manase. "Watadhani umekatwa na shoka."

"Afadhali shoka, Baba Juliana, kuliko kushikishwa sindano."

Maana ukweli wenyewe, na tuuseme tu, Kristina hakujua kudarizi. Siku yake ya kwanza katika chama cha sindano cha akina mama wa Njombe alishona kitambaa pamoja na sketi aliyoivaa, na alipoinuka kupokea chai akainuka nacho. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Ema, rafiki yake wa kwenda naye mtoni, ndiye aliyepiga magoti kumfumua, akamfumua na pindo la sketi.

Tangu hapo kitambaa kilikwenda nyumbani kitupu na kurudi na maua. Aliyeyadarizi ni Manase. Mwanaume mzima, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kunyamazisha ng'ombe! Alijifunzia hospitali ya jeshi wakati wa vita, alipopewa sindano ili vidole vilivyoumia vizoee tena kukunjika. Vilizoea vikapitiliza. Alidarizi mlango ukiwa na komeo, na mtu akibisha hodi, kitambaa kiliingia chini ya godoro na Manase akashika jembe, humo humo ndani.

Mambo yangeendelea hivyo, ila vitambaa vya chama vilipelekwa kwenye maonyesho Makambako vikasifiwa kupita kiasi. Huko mke wa mkubwa mmoja wa serikali alivigeuza mbele na nyuma, akasema wanawake hao hawakuvishona. Sasa alikuwa anakuja kuona kwa macho yake. Kila mama angedarizi jani moja mbele yake. Wakishindwa, chama kingefungwa, naye angepita nyumba kwa nyumba mpaka ajue nani alikuwa akishona.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Kristina usingizi. Chama na kife. Lakini Manase wake achekwe sokoni, wauza viazi wamwite Mama Manase? Mtu aliyejifungia ndani kama mwizi ili mkewe asiaibike, leo yeye ndiye aaibike? Kristina alimpenda mumewe, na kwa jambo hilo alikuwa tayari kukikata kidole kweli.

Alimkuta Ema kwenye mlango wa ukumbi, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Kamwene, Ema. Umepatwa na nini tena?"

"Maji ya moto, dada. Tangu jana asubuhi sijashika kitu."

Kristina alimpa pole kwa moyo wote, ingawa jana hiyo hiyo jioni alimwona akichimba viazi kwa mikono miwili.

"Na wewe, hicho kidole?"

"Shoka."

"Pole sana," alisema Ema, akitazama pembeni.

Ndani, Avelina alikuwa amefunga viganja vyote viwili. Nyuki, alisema. Wengine nao kila mmoja na jeraha lake, ukumbi mzima unanuka mafuta ya taa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la pili. Akina mama wale hawakuwahi kupendana kama asubuhi ile.

Mwalimu wao, Bibi Halton, mke wa bwana wa shamba la miti ya miwati, aliwatazama wala hakushangaa. Mama huyu alifundisha kwa kijiti na maneno mengi, na vitambaa vya mfano alikuja navyo vimekwisha kushonwa.

"Maskini, wameumia," alimwambia upesi mgeni wao, yule mke wa mkubwa. "Basi, tuahirishe."

"Sikupita kwenye tope lote lile kutoka Makambako nije kutazama bendeji," alijibu mgeni. "Wewe huumwi. Darizi jani moja. Nikiona mkono wa mwalimu unafanana na vitambaa, nitaamini wamejifunza kwako. La sivyo, leo hii naanza na nyumba ya kwanza."

Bibi Halton akawa mwekundu, kisha mweupe. Aliishika sindano kama mtu aliyeshika njiti ya kiberiti inayokaribia kumuunguza.

Kristina akageukia dirishani, walikosimama wanaume walioleta mabenchi. Alimwona Manase akivua kofia na kuufuata mlango. Alimjua mumewe: anakuja kukiri, awaokoe wote, kisha achekwe peke yake. Akainuka ili amzuie.

Nyuma ya ukumbi kiti kilikwaruza sakafu. Bwana Halton mwenyewe alikuwa amesimama. Kila alipokuja na mkewe alikaa kule nyuma na gazeti lake, mguu mmoja mbovu tangu vita vya kwanza vya dunia, na vibarua wa shamba walitawanyika wakisikia tu pikipiki yake. Manase akakwama kizingitini, kofia mkononi. Kristina akafumba macho, maana wote walijua Bwana anavyowatoa watu nje.

Alipofumbua, Bwana Halton alikuwa amekwisha kumpita Manase. Alichechemea hadi mbele, akaichukua sindano mkononi mwa mkewe, akaulamba uzi na kuutia tunduni mara moja tu, kisha akamwuliza mgeni kama anapendelea jani jembamba au pana.